Rweya Haina Nyumba, Lakini Ina Wenyewe

Anayesafiri kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba, au anayepanda vilima kuelekea Kashozi, huiona nchi yetu ikiwa na sura mbili. Sura ya kwanza ni ya migomba. Hapo ndipo watu wanapoishi, nyumba imefichwa na migomba, mibuni imepandwa katikati yake, na maharage yameoteshwa chini, jirani akimsikia jirani anapokohoa. Sura ya pili ni ya nyasi. Ni uwanda mpana ulio wazi, mwembamba wa udongo na mwingi wa upepo, ambamo mtu anaweza kutembea kwa muda mrefu pasipo kukutana na paa la nyumba. Uwanda huo ndio tunaouita rweya.

Ni rahisi kwa mgeni, na siku hizi hata kwa mwenyeji, kuitazama rweya na kusema kwamba hapa hakuna watu, basi hapa hakuna mwenyewe. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini hitimisho hilo si sahihi. Tutaangalia kwanza kazi ambayo rweya imefanya katika maisha ya Buhaya, kisha mabadiliko yanayoipata sasa, kisha Mafundisho Jamii ya Kanisa na sheria ya nchi zinavyosema. Tunafanya hivyo kwa sababu katika vijiji vyetu uamuzi wa kugawa rweya unafanyika katika kizazi hiki, na ardhi ikishagawanywa ni vigumu sana kuirudisha.

Kibanja kinakula kutoka kwenye rweya

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kibanja ni chenye rutuba kwa asili yake, na rweya ni maskini kwa asili yake. Sehemu ya pili ya imani hiyo ni kweli, lakini ya kwanza inahitaji kusahihishwa. Udongo wa vilima vinavyopakana na Ziwa Viktoria umetokana kwa sehemu kubwa na mawe ya mchanga, na mvua za kwetu ni nyingi mno. Karibu na Bukoba mjini hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na kiasi hicho hupungua kadiri unavyokwenda magharibi. Mvua hiyo huuosha udongo na kuondoa chumvichumvi zinazolisha mimea, na kuuacha ukiwa mchachu na mnyonge. Udongo wa namna hiyo, ukiachwa wenyewe, huotesha nyasi. Kwa maneno mengine, rweya ndiyo hali ya kawaida ya ardhi yetu, na kibanja ni kazi ya mikono ya watu.

Kazi hiyo ilifanyika namna gani? Ng'ombe walichungwa mchana katika rweya na kurudishwa nyumbani jioni, na samadi yao ikawekwa kwenye mashina ya migomba. Nyasi zilikatwa, zikafungwa mizigo, zikabebwa kichwani na kutandazwa kibanjani ili kuhifadhi unyevu, kuzuia magugu na hatimaye kuoza na kuwa mbolea. Nyasi nyingine zilitandazwa sakafuni mwa nyumba, na zilipochakaa nazo zikaenda kwenye migomba. Mushonge, ile nyumba ya mviringo ya mababu iliyoezekwa hadi chini, ilijengwa kwa nyasi hizo hizo. Na ilipobomolewa, nyasi zake ziliongeza rutuba pale ilipokuwa imesimama. Majivu ya jikoni na maganda ya ndizi yalifuata njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo kila kibanja chenye weusi wa udongo na mikungu mizito kimebeba ndani yake vizazi vingi vya nyasi zilizotoka mahali pengine. Rutuba ya mahali penye watu wengi imetoka mahali pasipo na watu. Wataalamu wa kilimo waliofanya kazi kwetu wameueleza mfumo huu kwa kutaja sehemu tatu: kibanja chenyewe, kikamba ambacho ni kibanja kilichochoka na kubaki na mazao ya msimu, na rweya. Sehemu hizo si ardhi tatu zisizohusiana. Zimefungamana kama viungo vya mwili mmoja, na kiungo kimoja kikiumia, vingine haviwezi kubaki na afya.

Ni nani aliyeishi kwa rweya?

Kibanja kilikuwa na jina la mtu na la ukoo. Kilirithiwa, kilizikiwa wafu, na kwa kawaida kilishikwa na wanaume. Katika baadhi ya maeneo, zaidi ya hayo, kulikuwa na mfumo wa nyarubanja, ambamo mkulima alilima ardhi ya bwana na kumtolea kodi na utumishi. Mfumo huo ulifikia mwisho wake kwa sheria za Bunge za mwaka 1965 na 1968, zilizowapa wapangaji haki juu ya ardhi waliyokuwa wakiilima.

Rweya ilikuwa na utaratibu tofauti. Juu yake yalikuwapo mamlaka ya Mukama na ya wakungu wake, lakini matumizi yake ya kila siku yalikuwa ya wanakijiji kwa pamoja. Aliyekuwa na ng'ombe alichunga hapo. Aliyehitaji nyasi za kuezekea au za kutandaza alikata hapo. Wanawake, ambao mila iliwanyima umiliki wa kibanja, walifungua hapo mashamba yao ya msimu, yaitwayo omusiri, wakilima njugu mawe, viazi vikuu na mihogo, kisha kuiacha ardhi ipumzike kwa miaka kadhaa kabla ya kuirudia. Kuni zilitoka hapo, na majani ya dawa pia. Msimu wa senene ulipofika, mnamo Novemba na tena mnamo Aprili, rweya ilijaa watoto na akina mama wakiokota kabla ya jua kupanda. Hakuna aliyeulizwa ana kibanja cha ukubwa gani kabla ya kuokota.

Tukiyatazama matumizi hayo kwa jicho la Injili, tunagundua jambo la maana sana. Rweya ilikuwa sehemu ya ardhi ambamo asiye na kitu alikuwa na kitu. Mjane aliyerudishwa kwao, kijana ambaye kibanja cha baba yake kilikuwa kimegawanywa hadi kikaisha, mgeni aliyehamia bila ukoo wa kumpokea, wote hao waliweza kupata kutoka rweya walau chakula cha msimu mmoja na mzigo wa nyasi wa kuuza. Tukisema kwamba rweya haina mwenyewe, tunawafuta watu hao katika hesabu yetu.

Mabadiliko tunayoyaona

Hatuandiki haya kwa kutamani tu siku za kale. Mabadiliko yamekuja kwa sababu zinazoeleweka, na nyingi kati yake si dhambi ya mtu yeyote.

Kwanza ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,458,023 katika Mkoa wa Kagera. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,989,299. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka kwa zaidi ya watu laki tano. Kibanja ambacho babu alikilima peke yake leo kimekatwa vipande vinne au vitano, na vijana wanatazama kule kulikobaki nafasi.

Pili ni mifugo. Ugonjwa wa sotoka ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 uliteketeza makundi makubwa ya ng'ombe, na magonjwa mengine yalifuata. Leo kaya nyingi za Buhaya hazina ng'ombe hata mmoja. Samadi ilipopungua, rweya ikaanza kuonekana kana kwamba haina kazi tena, ingawa migomba iliendelea kuidai.

Tatu ni miti. Mikaratusi na misindano imepandwa kwa wingi katika rweya, na sababu ni njema: inatoa mbao, nguzo, kuni na ada ya shule. Hata hivyo mti una sifa ambayo nyasi hazina. Nyasi hukatwa na watu wengi na huota tena, mti ni wa aliyeupanda. Anayepanda miti hupata, kwa desturi yetu, hoja yenye nguvu kwamba ardhi iliyo chini yake ni yake pia. Hivyo mtu mwenye fedha za kununua miche na kulipa vibarua anaweza, katika misimu miwili ya mvua, kugeuza malisho ya kijiji kizima kuwa shamba la familia moja, pasipo ugomvi wowote na pasipo kikao chochote. Chini ya mikaratusi iliyosongamana nyasi za kutandaza hazioti vizuri, na miti hiyo ikipandwa karibu na chemchemi na mabonde hunywa maji mengi.

Nne ni viwanja. Katika kata za pembeni za Manispaa ya Bukoba, kama Kahororo, shinikizo la mji linaigusa ardhi iliyokuwa wazi. Hapo mambo hayaendeshwi tena na serikali ya kijiji bali na mipango miji, na bei ya kiwanja huamua mengi. Kupima viwanja ni jambo jema, kwa kuwa mji usiopimwa huwaumiza maskini kwanza. Swali letu ni kama maeneo ya wazi, vyanzo vya maji na njia za watu vimebaki katika ramani pamoja na viwanja.

Matokeo yake yanaonekana tayari. Kibanja kisichopata nyasi wala samadi hurudi polepole kuwa kikamba, na kikamba kisichotunzwa hurudi kuwa nyasi. Mkungu unakuwa mdogo, mgomba unaanguka kwa upepo, na magonjwa na wadudu humkuta mgomba ambao tayari ni mnyonge. Tunapoimaliza rweya ili kuongeza mali, tunapunguza polepole ile mali tuliyokuwa nayo nyumbani.

Somo kutoka nyanda za mbali

Dhana ya kwamba ardhi yenye watu wachache ni ardhi isiyo na wenyewe ina historia ndefu duniani, na Kanisa lenyewe limelazimika kuitafakari. Tuchukue nyanda za nyasi za magharibi mwa Kanada, katika majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Mwaka 1872 serikali ya Kanada ilitunga sheria iliyompa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti la kujenga na kulima. Machoni pa watunga sheria nyanda hizo zilikuwa tupu. Kwa kweli zilikuwa nchi ya mataifa ya wenyeji, wakiwamo Wakrii na Blackfoot, walioishi kwa kufuata nyati, na ambao kati ya mwaka 1871 na 1877 walitiwa katika mikataba iliyowabakizia maeneo madogo.

Mnamo Julai 2022, Baba Mtakatifu Francisko alikwenda Maskwacis, katika nyanda hizo hizo, akaomba msamaha kwa wenyeji kwa mabaya waliyotendewa na Wakristo katika shule za bweni. Tarehe 30 Machi 2023, Dikasteri mbili za Vatikani, ile ya Utamaduni na Elimu na ile ya Huduma ya Maendeleo Fungamani ya Binadamu, zilitoa tamko la pamoja lililokataa wazi ile nadharia ya ugunduzi, iliyodai kwamba aliyefika kutoka Ulaya na kuiona nchi alipata haki juu yake hata kama wenyeji walikuwapo. Tamko hilo lilieleza kwamba nadharia hiyo si sehemu ya mafundisho ya Kanisa Katoliki.

Nyanda hizo zina somo la pili, ambalo halisemwi mara nyingi. Saskatchewan ilijaa wakulima wadogo, na mwaka 1936 ilikuwa na mashamba yapatayo 142,000. Sensa ya kilimo ya mwaka 2021 ilihesabu mashamba yapatayo 34,000 tu, ingawa ardhi inayolimwa ni kubwa sana. Mashamba yameunganishwa katika mikono michache. Leo kuna manispaa za vijijini huko zenye eneo la takriban kilomita za mraba 800 na wakazi mia chache tu. Shule nyingi zimefungwa, na makanisa yaliyojengwa na mababu wahamiaji yamebaki yamesimama katikati ya ngano bila waamini wa kuyajaza. Ardhi ilitolewa kwanza kana kwamba haikuwa na watu, na baadaye ikabaki kweli bila watu. Buhaya si Kanada, na hali zetu ni tofauti. Lakini kijiji ambacho vijana wake hawana pa kulima kitawapeleka Mwanza na Dar es Salaam, na kigango kitabaki na wazee.

Maandiko na Mafundisho Jamii ya Kanisa

Maandiko Matakatifu yanaanza suala hili kwa kusema ardhi ni ya nani. Katika sura ya 25 ya Mambo ya Walawi, Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba nchi ni yake, na kwamba wao ni wageni na wapangaji mbele yake. Ndiyo sababu haikuruhusiwa kuiuza moja kwa moja. Katika sura ya 19 ya kitabu hicho hicho, mkulima anakatazwa kuvuna hadi pembeni kabisa mwa shamba lake na kuokota masazo, kwa sababu masazo ni ya maskini na mgeni. Tuzingatie kwamba sheria hiyo haikumwomba mwenye shamba awe mkarimu. Ilimwambia kwamba sehemu ile haikuwa yake. Ni kwa njia ya sheria hiyo Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu, aliingia katika shamba la Boazi pale Bethlehemu, akaokota chakula chake na cha mama mkwe wake, na hatimaye akawa mama wa babu yake mfalme Daudi na mmoja wa akina mama wanaotajwa katika ukoo wa Bwana wetu. Historia ya wokovu ilipita pembeni mwa shamba, katika sehemu iliyoachwa kwa ajili ya asiye na kitu. Rweya imekuwa kwetu pembe hiyo ya shamba.

Manabii nao hawakunyamaza. Nabii Isaya, katika sura ya tano, anawaonya wale wanaounganisha nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba mpaka wabaki peke yao katika nchi. Kisa cha Naboti wa Yezreeli, katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, kinaonyesha jinsi tamaa ya mfalme Ahabu juu ya shamba la jirani ilivyopita katika barua zenye mhuri, mashahidi wa uongo na kikao kilichoonekana halali, mpaka damu ikamwagika. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, aliandika kitabu kizima juu ya Naboti, akifundisha kwamba anayempa maskini kwa kweli anamrudishia kile kilichotolewa kwa ajili ya wote.

Kanisa linatetea haki ya mtu kumiliki mali. Papa Leo XIII aliifundisha kwa nguvu katika Waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, na mkulima aliyetunza kibanja chake hana sababu ya kuogopa mafundisho haya. Hata hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 69, ulifundisha kwamba Mungu ameiweka dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya watu wote, na kwamba haki ya kumiliki lazima itazamwe katika mwanga huo. Miongoni mwa Mababa wa Mtaguso huo alikuwamo mtoto wa Buhaya, Laurean Kardinali Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo mwaka 1912 na kufanywa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu mwaka 1960. Mwenyeheri Paulo VI, ambaye leo ni Mtakatifu, alirudia fundisho hilo katika Populorum Progressio mwaka 1967. Katekisimu inalieleza kuanzia namba 2402. Na Papa Francisko, katika Laudato si' namba 93 na 94, alisisitiza kwamba umiliki wa mali unabeba wajibu wa kijamii, na kwamba mkulima mdogo ana haki ya asili kupata kipande cha ardhi cha kuishi na kulisha familia yake.

Tukiunganisha mafundisho hayo, tunapata kipimo rahisi cha kupimia ugawaji wowote wa rweya. Swali la kwanza halipaswi kuwa nani anaitaka, wala nani ana uwezo wa kuiendeleza haraka. Swali la kwanza ni hili: baada ya ugawaji, yule aliyekuwa akiishi kwa rweya ataishi kwa nini?

Sheria ya nchi inasemaje?

Katika suala hili sheria ya Tanzania iko karibu na mafundisho ya Kanisa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaigawa ardhi ya kijiji katika sehemu tatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayokaliwa na mtu au familia, na ardhi iliyobaki ambayo inaweza kugawanywa baadaye. Rweya iliyotengwa kuwa ardhi ya pamoja na kuandikwa katika rejesta ya kijiji haiwezi kutendewa kama ardhi ambayo mtu hajaichukua bado.

Jambo la pili ni nani anayeamua. Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mwenyekiti peke yake hawezi kutoa rweya. Wazee wachache waliokaa chini ya mti hawawezi. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa usiku mbele ya mashahidi wawili haiwi hati kwa sababu ina mhuri.

Jambo la tatu linahusu akina mama. Sheria hiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri lililotoka kwetu. Mwanamke wa Kihaya aliuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, na ndugu akapinga kwa hoja kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza. Mahakama ilisema kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya usawa unaolindwa na Katiba. Kwa hiyo rweya inapogawanywa kwa wakuu wa kaya, mjane ni mkuu wa kaya, na mama anayelea watoto peke yake ni mkuu wa kaya.

Panapotokea mgogoro, hatua ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao kati yao wanawake hawapungui watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Wakristo tunaalikwa kupita njia hiyo kwa moyo mnyofu kabla ya kufikishana mahali ambapo gharama za kesi huzidi thamani ya ardhi yenyewe.

Mambo tunayoweza kufanya

Tunapendekeza mambo machache yanayoweza kujadiliwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, katika Halmashauri za Walei, na katika vikundi vya WAWATA, UWAKA na VIWAWA.

Tuhudhurie mikutano ya kijiji. Mwamini anayekosa mkutano mkuu kwa sababu ana kazi shambani, halafu akalalamika kwamba rweya imekwisha, ameacha wengine waamue kwa niaba yake. Tuombe mpango wa matumizi bora ya ardhi usomwe hadharani, na tuulize ni eneo gani limetengwa kwa nyasi, kwa malisho, kwa vyanzo vya maji na kwa maziko. Mali bila daftari huisha bila habari. Mipaka ya ardhi ya pamoja iandikwe na ijulikane na watoto.

Tupande miti kwa busara. Misindano na mikaratusi ina nafasi yake, lakini si juu ya chemchemi wala mabondeni, na si katika eneo lote lililobaki. Moto wa kiangazi unaowashwa bila kuangaliwa huunguza nyasi, miche ya jirani na viumbe vingi visivyo na hatia. Kila familia iwafundishe vijana wake.

Tuirudishie ardhi nguvu. Watafiti wa kilimo wamejaribu katika wilaya zetu mimea jamii ya kunde kama marejea, utupa na mukuna, ambayo hurutubisha udongo na kutoa majani ya kutandaza. Kituo cha utafiti cha Maruku kipo karibu nasi, na maafisa ugani wapo katika kata. Kadiri kibanja na kikamba vinavyozalisha majani yake, ndivyo tunavyoipunguzia rweya mzigo.

Tuanze na ardhi iliyo mikononi mwetu kama Kanisa. Parokia yenye eneo la nyasi inaweza kupanga siku ambazo wajane na wasiojiweza wanakata nyasi bila malipo, na inaweza kumwachia kijana asiye na shamba kipande cha kulima kwa msimu kwa makubaliano yaliyoandikwa. Neno letu kwa kijiji litakuwa na uzito likianzia hapo.

Mwisho, kila jumuiya ijiulize jambo moja kabla ya mkutano ujao wa kijiji: miongoni mwetu ni nani anayetegemea rweya kwa chakula, kwa nyasi au kwa kuni? Tuwatambue kwa majina, tuwaalike, na tukae nao katika mkutano ili wazungumze wenyewe. Mungu, aliyempa kila mmoja wetu mahali pa kuishi juu ya vilima hivi, atujalie kumwachia jirani sehemu yake. Amina.